Kumjua Kuruta: Utafiti wa Binadamu na Makambi ya Kibondo na Kasulu

Neno "utafiti" likitajwa pamoja na neno "jeshi", wengi wetu huwaza silaha: mzinga upigao mbali zaidi, ndege isiyoonekana, chombo kinasacho sauti za adui. Ni wachache wanaomwaza mtu. Walakini jeshi lolote, hata lenye mitambo ya thamani kubwa, kwanza ni watu walioandikishwa, wakalishwa, wakafunzwa, wakapangiwa kazi, wakapandishwa vyeo ama wakanyimwa, kisha siku moja wakarudishwa makwao. Kila moja ya hatua hizo huamuliwa na mtu mwenye mamlaka, na kila uamuzi husimama juu ya dhana fulani kuhusu binadamu: ni nani avumiliaye, ni nani atiiye, ni kitu gani kimkatishacho tamaa kijana wa miaka ishirini. Dhana hizo zaweza kuwa za kweli au za uongo. Kuzipima ndiyo kazi ya sayansi za binadamu, yaani saikolojia, sosholojia, anthropolojia, uchumi na elimu ya afya ya jamii.

Nimechagua kulizungumza jambo hili kwa kuitazama nchi ya Uha, yaani Kibondo na Kasulu, kwenye miinuko ya Mkoa wa Kigoma ambayo sehemu zake nyingi zapita mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Huko yapo makambi mawili ya Jeshi la Kujenga Taifa. La kwanza ni Kanembwa, katika wilaya ya Kakonko iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. La pili ni Mtabila, upande wa Kasulu, mahali palipokuwa na kambi ya wakimbizi wa Burundi hadi ilipofungwa mwezi Desemba 2012. Mwanafunzi wa kidato cha sita asomaye ukurasa huu hana haja ya kuambiwa kwa nini makambi hayo yamhusu. Tangu mafunzo ya mujibu wa sheria yaliporejeshwa mwaka 2013, baada ya kusimamishwa mwaka 1994, vijana wanaohitimu kidato hicho huitwa makambini, na kwa baadhi yao jina la kambi huwa ni Kanembwa au Mtabila. Huko watakimbia mchakamchaka alfajiri, watajifunza kwata, watalala kwenye hanga pamoja na wenzao kutoka pembe zote za nchi. Pamoja nao wapo vijana wa kujitolea, ambao hukaa muda mrefu zaidi, nao hutarajia makubwa zaidi. Ni haki kuuliza: watu hawa tunawajua kwa kiasi gani?

Kwanza tuutazame uongo mmoja ulioishi muda mrefu. Maafisa wa Kiingereza walioandikisha askari wa Keya waliamini kwamba makabila yamegawanyika kwa asili: mengine ni ya vita, mengine si ya vita. Chukua mfano wa Wakamba wa Kenya. Katika karne ya 19 walijulikana zaidi kwa biashara ya masafa marefu ya pembe za ndovu kuliko kwa upiganaji. Ilipofika Vita Kuu ya Pili walikuwa miongoni mwa waliojaa zaidi katika Keya, na maafisa wakasema damu yao ni ya kijeshi. Damu ya watu haibadiliki katika miaka arobaini. Kilichobadilika ni ardhi, ng'ombe, kodi na mshahara. Wanahistoria Timothy Parsons na Myles Osborne wamelichambua suala hilo kwa kirefu, na mtu akiwasoma huona kwamba "kabila la vita" mara nyingi lilikuwa ni kabila lililokosa njia nyingine ya kupata fedha.

Uha nayo iliwekwa katika fungu lake. Haikuhesabiwa kuwa nchi ya askari. Ilihesabiwa kuwa nchi ya manamba. Mwaka hata mwaka vijana wa Kasulu na Kibondo walisafirishwa kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na shirika lao maalumu la kuandikisha vibarua, lililoitwa SILABU. Ilikuwa rahisi kuhitimisha kwamba Mha ameumbwa kwa ajili ya kazi ngumu ya shambani, kama ilivyokuwa rahisi kusema mzigo mzito apewe Mnyamwezi. Sababu ya kweli haikuwa ya fumbo hata kidogo. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, soko lilikuwa mbali, na zao la kuuza halikuwepo la kutosha. Nami nimepata kuwasikia watu wazima wenye elimu, katika miaka hii hii, wakisema kwamba kabila fulani "lafaa kwa jeshi". Ukiwauliza wamejuaje, hutaja mjomba.

Isidhaniwe kwamba dhana za namna hiyo hukoma pindi tu mtaalamu anapoingia. Mwaka 1917 Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, wanasaikolojia wakiongozwa na Robert Yerkes waliwapima akili askari wapatao 1,700,000. Ulikuwa utafiti mkubwa wenye hesabu nyingi. Kasoro yake ni kwamba baadhi ya maswali yalihusu bidhaa za madukani na michezo ya Kimarekani, hata mhamiaji aliyeshuka melini juzi akaonekana mjinga kwa kutojua mambo ambayo hakuna aliyewahi kumweleza. Carl Brigham aliandika kitabu mwaka 1923 akijenga juu ya matokeo hayo hoja za ubora wa mataifa fulani. Mwaka 1930 akazikana hoja zake mwenyewe, lakini sheria ya mwaka 1924 ya kuwazuia wahamiaji ilikuwa imekwisha kupita. Askari wa Afrika ya Mashariki nao walipimwa kwa mitihani ya uteuzi na kikosi cha wataalamu wa jeshi la Uingereza huko Mashariki ya Kati mwaka 1944 na 1945. Kwa hiyo suala la kumpima Mwafrika aliyevaa sare si geni kama tunavyodhani.

Upo pia upande wa pili, ambapo kutokufanya utafiti ndiko kulikoua. Katika vita vya 1914 hadi 1918 jeshi la Uingereza katika Afrika ya Mashariki lilibebewa mizigo na wapagazi. Hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa inapita 40,000, na wanahistoria wengi huamini kwamba idadi ya kweli ni kubwa zaidi sana. Wengi hawakuuawa na risasi. Walikufa kwa kuhara na kuhara damu, na sehemu kubwa ya sababu ilikuwa chakula: unga wa mahindi uliosagwa vibaya, ukapikwa nusunusu kwa kukosa muda na kuni, ukalishwa watu ambao makwao walizoea ndizi au wali. Madaktari walipochunguza na kusahihisha posho na mapishi, vifo vilipungua. Ujuzi uliohitajika haukuwa wa hali ya juu. Ulihitaji mtu wa kuuliza, "Kwenu mnakula nini, nanyi mwakipikaje?" na mkubwa wa kumsikiliza.

Hapo ndipo ninapouona moyo wa jambo lenyewe. Katika historia ya Tanzania ipo mifano mitatu ya mambo yaliyojulikana ndani ya kambi au bweni, yakafahamika nje kwa kishindo tu. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi; walidai mishahara bora na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia Taifa, hasa kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza wapatao 400, akapunguza na mshahara wake mwenyewe. Mwezi Aprili 2021 ikatangazwa kwamba vijana 854 wa kujitolea wa JKT wameondolewa jeshini baada ya kugoma wakidai ajira waliyoamini kwamba wameahidiwa. Mwaka uliofuata wakasamehewa. Mambo haya matatu hayafanani kwa uzito wala kwa haki ya madai, na sikusudii kuwatetea walioshika silaha mwaka 1964. Nasema tu kwamba katika kila moja, nung'uniko lilikuwa na umri wa miezi kadhaa kabla ya siku ya kishindo, nalo lingaliweza kupimwa.

Kupimwa kwa namna gani? Kitabu ambacho ningependa kila mwalimu wa elimu ya jamii akifahamu ni kile kiitwacho The American Soldier, kilichotolewa mwaka 1949 na Samuel Stouffer pamoja na wenzake. Katika Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani liliunda ofisi ya utafiti ambayo iliwauliza maswali askari zaidi ya nusu milioni, bila kuandika majina yao. Waliulizwa juu ya chakula, maafisa wao, hofu, mavazi, barua za nyumbani. Vita ilipokaribia kwisha waliulizwa ni nani anayestahili kurudi nyumbani kwanza, na kwa kutumia majibu yao ukatengenezwa utaratibu wa pointi: muda wa utumishi, muda wa kukaa ng'ambo, kushiriki mapigano, na idadi ya watoto. Sera ya jeshi zima ilijengwa juu ya kile ambacho askari wenyewe walikiona kuwa haki.

Lakini ugunduzi wao ulionivutia zaidi, tangu nilipousoma nikiwa mwanafunzi wa udaktari ughaibuni, ni huu. Katika kikosi cha anga kupandishwa cheo kulikuwa rahisi. Katika polisi wa jeshi kulikuwa kugumu sana. Akili ya kawaida yasema manung'uniko yangekuwa kwa polisi. Kumbe ilikuwa kinyume: wa kikosi cha anga ndio walioona zaidi kwamba mambo ya vyeo hayaendi kwa haki. Sababu yake ni kwamba mtu hajipimi kwa kipimo cha dunia nzima. Hujipima kwa jirani. Askari wa anga asiye na cheo aliwaona wenzake wengi walioanza naye wamekwisha kupanda, akajiona ameachwa. Polisi asiye na cheo aliwaona wenzake wote wako chini kama yeye, akatulia.

Sasa tuuchukue ugunduzi huo tuulete nyumbani. Matangazo ya JKT ya kuwaita vijana wa kujitolea husema wazi kwamba jeshi halitoi ahadi ya ajira. Maneno hayo ni ya kweli na kijana huyasoma. Walakini mwezi Aprili 2018, ukuta wa kuzunguka machimbo ya tanzanaiti ya Mirerani ulipozinduliwa, Rais John Magufuli aliagiza vijana wa JKT walioujenga waajiriwe. Lilikuwa jambo la kheri kwa vijana wale. Lakini kila kijana aliyeshika koleo katika mradi mwingine baada ya hapo alikuwa amekwisha kupata jirani wa kujipimia. Tangazo la karatasi lilimwambia hakuna ahadi. Macho yake yalimwambia ipo. Mtu anayeifahamu kanuni ya Stouffer angalishauri, mapema kabisa, kwamba hisia za kuachwa zitapanda baada ya tukio lile wala hazitashuka, na kwamba ufafanuzi watakiwa utolewe kambini, kwa mdomo, na utolewe tena na tena. Sijui kama ushauri huo ungezuia lililotokea mwaka 2021, lakini ungeligharimu taifa makaratasi kidogo na nauli ya watu wawili watatu.

Maswali ya namna hii yamejaa Kanembwa na Mtabila kwa yeyote apendaye kuyaokota. Nataja mawili tu. La kwanza ni la afya. Uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2017 uliukuta Mkoa wa Kigoma ukiwa na kiwango kikubwa kuliko mikoa yote ya Tanzania Bara: kati ya watoto wanne wa chini ya miaka mitano, karibu mmoja alikuwa na vijidudu vya malaria. Arusha na Kilimanjaro hawakufika hata mmoja katika mia. Kijana aliyekulia Kasulu ameugua utotoni akajijengea kinga kiasi; aliyekulia Rombo hakupata nafasi hiyo. Tukiwaweka katika hanga moja, tukawakimbiza mchakamchaka mmoja, tukawalaza chini ya vyandarua vya namna moja, je, huugua sawasawa? Nani hukosa mafunzo kwa siku ngapi? Uamuzi wa kumpanga nani kambi gani, na wa kumpa nani dawa ya kinga, ungepata faida kubwa kwa hesabu ya miezi mitatu tu.

La pili ni gumu kulisema. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, na mpaka upo karibu. Kijana wa Kibondo au Kasulu anapoomba nafasi ya kujitolea huulizwa juu ya uraia wake mara nyingi zaidi na kwa ukali zaidi kuliko kijana wa Dodoma. Sikatai kwamba nchi ina haki ya kujua ni nani inayemvika sare. Nauliza kile ambacho mtafiti hana budi kuuliza: chujio hili huwazuia wangapi wasiostahili, na huwazuia wangapi wanaostahili? Chujio lisilojulikana makosa yake si chombo cha usalama. Mwanafunzi wa hisabati aelewa kwamba kila kipimo kina makosa ya aina mbili, yaani kumpokea asiyefaa na kumkataa afaaye, na kwamba ukilipunguza moja bila kuliangalia la pili, la pili huongezeka gizani. Vijana wanaokataliwa hawaonekani katika takwimu ya kambi, kwa kuwa hawakufika kambini.

Nageukia sasa uendeshaji wa utafiti wenyewe, maana hapo ndipo nia njema huharibika. Kikwazo cha kwanza ni kwamba kuruta hawezi kusema hapana. Afande akimwambia "jaza fomu hii", amekwisha kujaza. Afande akisimama mlangoni wakati kijana anaulizwa kama chakula kinatosha, chakula kitatosha. Majibu ya namna hiyo ni kupoteza wino, na zaidi ya hayo ni kosa, kwani tangu Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947 dunia imekubali kwamba mtu hafanyiwi utafiti bila ya hiari yake. Kwa utafiti wa tiba nchini petu, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ndiyo itoayo idhini ya kimaadili. Je, hiari yawezekana mahali ambapo utii ndio somo la kwanza?

Yawezekana, na ushahidi tunao hapa hapa. Kuanzia mwaka 2007 majaribio ya chanjo dhidi ya virusi vya UKIMWI yalifanyika Dar es Salaam, yakiendeshwa na wataalamu wa Muhimbili pamoja na wenzao wa Sweden, na waliojitolea walikuwa askari polisi, 60 kwa idadi. Polisi ni watu wa amri kama wanajeshi. Hata hivyo baadhi ya waliofaa kushiriki walikataa, na sababu zao zilichunguzwa zikaandikwa: waliogopa madhara ya chanjo, wakasikiliza wazazi na wachumba. Mimi nayahesabu makataa yale kuwa ushahidi mzuri kuliko wote. Utafiti ambao hakuna askari aliyeukataa unapaswa kutiliwa shaka kwanza.

Kwa hiyo napendekeza kwamba swali litoke wizarani na jeshini, kwa kuwa wao ndio wenye uamuzi wa kufanya. Lakini anayeuliza awe raia asiye na cheo cha kijeshi, atoke chuo kikuu, asiandike jina la mtu, na ofisa yeyote asiwe karibu. Mambo ya siri yatengwe kabla ya kazi kuanza, kwa maandishi, yasije yakatengwa baada ya matokeo kuwa machungu. Na matokeo yarudi kambini yakasomwe kwa makuruta wale wale. Hili la mwisho nalisisitiza kwa sababu ya wenyeji wa Kibondo na Kasulu. Kwa miongo kadhaa watafiti wamepita katika makambi ya wakimbizi na vijiji vya jirani wakiwa na madaftari, wakauliza watu mambo ya ndani, wakaenda kupata shahada zao. Sisi wa vyuo vikuu hatuna sifa njema huko.

Najua pingamizi litakalotolewa, na si la kupuuza. Ofisa mwenye uzoefu atasema kwamba jeshi si baraza. Ukimzoeza askari kuulizwa maoni yake, kesho atayatoa bila kuulizwa, tena mbele ya adui. Namjibu kwamba kuuliza si kupiga kura. Jeshi la Marekani liliwauliza watu wake nusu milioni katikati ya vita, wala hakuna kikosi kilichoacha kushambulia kwa sababu ya hojaji. Kamanda hubaki na amri yake yote. Kinachoongezeka ni kwamba anajua amri hiyo inaangukia watu wa namna gani. Pingamizi la gharama silijibu, maana nadhani limekwisha kujijibu kwa hesabu ya wale 854, mafunzo yao, posho zao na mwaka uliopotea.

Endapo ningepewa nafasi ya swali moja tu, nisingeanzia na makuruta waliopo leo. Ningechukua orodha ya vijana wa kujitolea walioondoka Kanembwa na Mtabila miaka miwili iliyopita, nichague mmoja katika kila kumi kwa bahati nasibu, nimtafute popote alipo, awe ni mlinzi wa duka Kigoma mjini, mkulima wa maharage Muhange au mwendesha bodaboda Mwanza, nimuulize ni kipi kati ya alivyofunzwa kambini amekitumia mwezi uliopita. Walimu wa sekondari za Kibondo na Kasulu wangeweza kusaidia kazi hiyo, kwani wengi wa vijana hao walipita madarasani mwao, nao huwafahamu kwa majina.